Mlango wazi unaitwa «admin»

Bukavu, Septemba 2024

Makamaradi wa Ibanda, Kadutu na Bagira, vijana wote mnaotusoma,

Katika mji huu hakuna mtu analala mlango wazi. Hata nyumba ya mbao ya Nyamugo iko na kadena. Wenye uwezo wa Muhumba na Nguba wanajenga ukuta, juu ya ukuta wanapanda vipande vya chupa, na kwenye lango wanaweka mzee wa zamu. Giza likiingia, kila mama anahesabu watoto: nani hajarudi bado? Tumejifunza hayo kwa uchungu, juu tunajua ukipiga kelele usiku, anayekuja kwanza ni jirani.

Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo, karibu ya televisheni, kuko kasha dogo lenye taa zinazowakawaka. Ni ruta, au modemu, iteni mnavyotaka. Ndiyo inayoleta intaneti kwa baba, mama, watoto, mpangaji wa nyuma na mara nyingi nusu ya parseli. Jina la kuingilia ndani yake: admin. Neno la siri: admin. Ndivyo lilivyotoka kiwandani, ndivyo fundi alivyoliacha, na ndivyo litakavyokuwa siku mtu mwenye nia mbaya atakapokaa upande wa pili wa ukuta na simu mkononi.

Tunasema bila kuzunguka: hili ni jambo la raia. Wanaotuuzia intaneti wanatuuzia nyumba bila kadena, wanachukua dola zetu na wanaenda. Serikali iliyojua kuhesabu simu ya kila maskini ili imkate inite haijawahi kusimama dukani na kuuliza kwa nini. Na sisi tunaopiga kelele ya uhuru kila siku tunakubali kukaa hivyo. Yote matatu lazima yaishe.

KUKO MILANGO MIWILI

Watu wengi wanachanganya. Neno la siri la wifi ni lile unampa rafiki akikutembelea. Hilo ni mlango wa barazani. Ruta yenyewe iko na neno lingine, la kuingia kwenye mipangilio yake, na huko ndiko chumba cha funguo zote. Ukimpa mgeni lile la kwanza na hujabadilisha lile la pili, umemkaribisha barazani na umemwonyesha kabati.

Mama zetu wanacheka jina hili. Wifi wanayemjua wao ni dada ya bwana, na huyo anaingia bila kugonga, anafunika na kufunua sufuria, anajua siri zote za nyumba. Sawa. Wifi ya ukoo unamvumilia juu ni ndugu. Hii nyingine, ni nani amekuambia uivumilie?

Tena tukumbuke tunakaa wapi. Kule Cimpunda, Kasali, Nkafu, nyumba zimebanana mpaka moto ukiwaka kwa mmoja, avenyu nzima inatoka nje na vyombo. Mawimbi ya wifi nayo hayajui mpaka wa parseli. Yanapita ubao, yanapita bati, yanafika kwa jirani wa juu ya mlima na kwa jirani wa bondeni. Vitabu vya kampuni vinaandikwa kwa watu wenye bustani kubwa kati ya nyumba na nyumba. Sisi kati ya nyumba na nyumba kuko mfereji wa maji machafu.

Mtu akiingia anafanya nini? La kwanza mnalijua: anakula mega. Unanunua forfe ya mwezi, siku ya kumi imeisha, unalaumu kampuni, unalaumu mdogo wako na TikTok. La pili ni baya zaidi: akitukana, akitapeli au akitisha mtu kwa kupitia laini yako, alama inayobaki ni ya nyumba yako. Katika nchi ambayo mtu anakamatwa kwanza na kuulizwa baadaye, fikirieni hilo vizuri.

La tatu: anageuza njia. Ndani ya ruta kuko mpangilio unaoiambia simu yako «tovuti fulani inapatikana kule». Akibadilisha hapo, unaandika anwani sahihi ya banki na unafika kwenye tovuti ya uongo inayofanana nayo. Hii si hadithi. Brazili, kuanzia mwaka 2011, wezi waligeuza hivyo modemu karibu milioni 4.5 za nyumbani, na watu wakawa wanajiibisha wenyewe wakidhani wako kwenye banki yao.

La nne: anaifanya ruta yako askari wake. Mwaka 2016 programu moja mbaya inayoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ndogo ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama sitini hivi. Hakukuwa na akili nyingi ndani yake: admin na admin, root na 12345, basi. Ilikamata kamera na ruta kwa maelfu na maelfu. Mwaka huo huo Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa na mtu wa kampuni pinzani ili aishambulie kampuni ya simu ya Lonestar kule Liberia kwa jeshi kama hilo. Wateja wa Lonestar, Waafrika kama sisi, walikaa bila intaneti juu ya vyombo vya watu wengine ambavyo hakuna aliyevifunga. Januari 2019 korti ya Uingereza ilimhukumu miezi 32. Wenye zile kamera na ruta hadi leo hawajui kwamba walipigana vita ya mtu mwingine.

Hatutaki kutishana bure. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kutoka simu hadi simu. Anayeingia kwenye ruta yako hawezi kuusoma. M-Pesa ya kubonyeza nyota na reli haipiti hata kwenye wifi. Anayekuambia kwamba jirani akikamata wifi yako atamaliza hela zote za simu anakudanganya, labda anataka kukuuzia kitu. Lakini anaweza kuona vyombo vyote vilivyo nyumbani, saa gani mko macho na saa gani nyumba iko tupu, na tovuti nyingi mnazozifungua. Kwa mtu anayetafuta kujua nani anakutana na nani, hayo yanatosha kuanzia.

MAJIBU KWA WANAOCHEKA

Kuko wanaosema: «Miye sina kitu ya kuficha.» Ndugu yetu, choo chako kiko na mlango, na hakuna jinai unafanya mle ndani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Hakikusema «kila mtu mwenye kitu cha kuficha». Kilisema kila mtu. Haki usiyoitumia, siku moja unaambiwa haikuwepo. Na hata kama wewe huna siri, dada yako anayeandikia daktari iko nayo. Mpangaji wako aliyekimbia vita na hataki ijulikane yuko wapi, iko nayo. Wote wanapita kwenye kasha lako.

Kuko wanaosema: «Batu banakufa ku Masisi, na weye uko natuletea mambo ya wifi?» Tunaelewa hasira hiyo, ni yetu pia. Lakini mauaji tunayajua kwa njia gani? Picha zinafika vipi, majina ya waliouawa yanakusanywa wapi, maandamano yanapangwa na nini? Wanaotutawala wanalijua jibu kuliko sisi. Ndiyo maana walikata intaneti Januari 2015 watu walipoikataa sheria ya uchaguzi. Ndiyo maana walikata tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, wakatuacha gizani karibu wiki 3. Kitu wanachokizima kwa haraka namna hiyo, sisi tukiache bila kadena?

Mkumbuke pia Machi 2015, Kinshasa. Fred Bauma wa LUCHA alikamatwa kwenye mkutano wa kuzindua Filimbi, na Yves Makwambala naye akakamatwa. Makwambala alikuwa fundi wa picha na wa tovuti. Tovuti ya Filimbi ilipita mikononi mwake. Walikaa gerezani mpaka Agosti 2016. Katika nchi hii mtu anayeshughulikia kompyuta ya mwendo wa raia anahesabiwa kuwa hatari sawa na anayeshika megafoni. Basi na sisi tumhesabu hivyo. Usalama wa mashine zetu si kazi ya kupewa «yule mtoto anayejua informatiki» baada ya mkutano, wakati wengine wanatafuta moto wa kurudi nyumbani.

Na kuko wanaosema: «Serikali ikitaka itaona tu.» Labda. Mwenye bunduki anaweza kuvunja mlango pia, bado unaufunga. Kadena haizuii jeshi. Inazuia mwizi wa kila siku, mpelelezi mvivu, mpenzi wa zamani mwenye wivu, na kijana wa avenyu ya tatu aliyejifunza kitu kwenye YouTube. Hao ndio wengi.

WENYE DENI NI WENGI

Raia asibebeshwe peke yake. Mtu anayenunua modemu kwenye duka karibu na Feu Rouge hakusomea mambo haya, na hakuna sababu awe amesomea. Ukinunua kufuli sokoni Kadutu, kila moja iko na ufunguo wake. Mfanyabiashara akikuuzia kufuli mia zinazofunguka kwa ufunguo mmoja, kesho yake vijana wa soko watamvua viatu. Kwa modemu tunamlipa na tunasema aksanti.

Tumepita kwa wenzetu mjini, kwa ruhusa yao, kuangalia mashine zao. Wengi walikuwa na neno la kiwandani. Fundi wa kampuni alikuja, alifunga antena juu ya bati, akahakikisha Facebook inafunguka, akasaini karatasi, akaenda. Kuko mahali alipobadilisha neno akaweka namba ya simu ya mteja. Kuko mahali aliweka neno moja kwa wateja wake wote wa kartie, ili asisahau. Huyo fundi hatumlaani: analipwa kwa idadi ya nyumba, sio kwa usalama wa nyumba. Wa kulaumiwa ni aliyempangia kazi hivyo.

Na serikali? Tunakumbuka RAM. Kuanzia Septemba 2020 walitukata inite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Walisema ni kwa kutulinda, juu ya simu za wizi na simu za bandia. Raia walipiga kelele, sisi tukiwa kati yao, mpaka ikafutwa mwaka 2022. Tunauliza hadi leo: ulinzi gani tulinunuliwa kwa zile dola? Walijua kufika kwenye kila simu ya mama muuza ndizi wa Nyawera. Kufika kwenye stoo za waagizaji wa modemu, hapana?

Sheria ziko. Kuko sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020. Kuko Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inayoongelea ulinzi wa habari za watu na jinai za mtandaoni. Machi 2024, ARPTC ilipotaka kuzuia Starlink, ilijua kuandika tangazo na kutisha watu na adhabu. Nguvu ya kukataza wanayo. Waitumie upande wa raia pia.

Kwingine imewezekana. California ilianza Januari 2020 kudai kila chombo kiwe na neno lake la pekee, au kimlazimishe mnunuzi kuweka jipya kabla ya kutumia. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inakataza kuuza chombo chenye neno rahisi la kiwandani kama admin au 12345. Hatutaki Bukavu iwe jalala la mashine zilizokataliwa kwingine.

KWA HIYO TUNADAI

1. Kampuni zote zinazouza intaneti mjini: hakuna modemu itoke dukani na neno la siri linalojulikana na dunia nzima. Kila mashine na neno lake, na mteja aonyeshwe namna ya kulibadilisha kabla hajalipa.

2. Fundi asisaini karatasi ya kumaliza kazi mpaka maneno yote mawili yamebadilishwa na mteja mwenyewe, na mkono wake. Fundi hapaswi kujua neno hilo.

3. Karatasi ya maelezo iwe katika Kiswahili. Tunalipa katika mji wa Waswahili, tuelezwe katika Kiswahili.

4. ARPTC iweke sharti hilo kwa waagizaji, na ikague maduka kama ilivyojua kukagua simu zetu.

5. Vijana waliosoma informatiki ISP na kwenye yunivasiti zetu wanazunguka na diploma ndani ya bahasha, na miye niko mmoja wa wanaozunguka na bahasha. Kazi iko: nyumba kwa nyumba, avenyu kwa avenyu. Kampuni zinazosema hazina watu wa kutosha zisituambie hivyo tukiwa tumekaa barazani kwao.

LEO JIONI, BILA KUNGOJA MTU

Madai yatachukua muda. Kadena yako haihitaji waziri. Fanyeni hivi.

Geuzeni ruta, angalieni karatasi iliyobandikwa chini. Kuko anwani ya namba: mara nyingi 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa modemu nyingi ndogo za mfukoni za Huawei. Iandikeni mahali pa anwani kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na wifi hiyo. Ukurasa utafunguka.

Badilisheni kwanza neno la kuingilia kwenye mipangilio. Kisha neno la wifi. Msiweke namba ya simu, jina la mtoto, wala bukavu2024. Chukueni maneno manne yasiyohusiana, moja la Kiswahili, moja la Mashi, moja la Lingala, moja la Kifaransa. Mwizi wa mbali iko na orodha ya maneno ya Kiingereza, Mashi hana. Liandikeni kwenye karatasi na mfiche kabatini. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini.

Jina la wifi lisitaje ukoo wenu, namba ya nyumba wala mwendo wetu. Kuko kamaradi aliyeita wifi yake kwa jina la mapambano. Ujasiri mzuri, lakini kila anayepita barabarani na simu anajua ni mlango gani wa kugonga.

Kwenye usalama wa wifi, chagueni WPA2 ya AES, au WPA3 kama iko. Mkiona WEP, toeni: ilivunjwa tangu 2001. Zimeni WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila neno. Iko na namba ya tarakimu 8, lakini Desemba 2011 ilionyeshwa kwamba ruta inaikagua nusu kwa nusu, kwa hiyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Mashine inaimaliza kwa saa chache. Zimeni pia usimamizi wa kutoka nje, ule unaoruhusu mtu aliye mbali kuingia kwenye mipangilio.

Sasisheni programu ya ndani ya ruta. Mwaka 2017 mtafiti wa Leuven, Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha tundu ndani ya WPA2 yenyewe, na dawa yake ilikuwa sasisho. Lakini angalizo kwa sisi watu wa SNEL: msianze kusasisha saa ya delestaji. Umeme ukikatika katikati, ruta inaweza kufa kabisa. Subirini wakati umeme umetulia, au tumieni betri.

Kama jirani anachangia forfe, mwekeeni mtandao wa wageni, ruta nyingi ziko nao. Kufunga mlango sio uchoyo. Unampa jirani sahani ya bugali, humpi ufunguo wa chumba. Ushirika wetu uendelee, lakini kila mmoja ajue nani yuko ndani.

Na mwisho: mtoto au fundi akibonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha mashine ya upya, yote mliyofanya yanafutika na admin anarudi. Mkaguapo maji na umeme kila mwezi, kagueni na hilo, pamoja na orodha ya simu zilizounganishwa. Simu msiyoijua, iondoeni na mbadilishe neno.

Ukimaliza kwako, pita kwa mama wa jirani, pita kwa shangazi, pita kwenye ofisi ya parokia. Omba ruhusa, keti naye, na neno jipya aliandike yeye mwenyewe wakati umegeuka upande mwingine. Kamaradi anayejua maneno ya siri ya avenyu nzima si kamaradi tena, ni hatari mpya.

Tunaomba kila kikundi cha kartie kiandike ni nyumba ngapi kimefunga, bila majina wala anwani, na kilete hesabu hiyo kwenye mkutano ujao. Hesabu hiyo tutaiweka mbele ya kampuni na mbele ya ARPTC, na tutawauliza: raia wasio na mshahara wamefanya kazi hii kwa wiki chache, nyinyi mnaolipwa, mnangoja nini?

Bukavu ni yetu. Milango yake, yote, ni yetu kuifunga.

Kamaradi wa Kadutu